Kitenzi Ndicho Kipimo cha Taswira

Lililonilazimu kushika kalamu ni shairi lililopewa tuzo ya kwanza katika mashindano fulani ya vijana wa milima yetu ya Masisi, mashariki mwa Kongo, likapigiwa makofi hata ukumbi ukavuma, kisha likasambazwa kwa simu toka Kitchanga mpaka Walikale, ilhali ndani yake hamkuwamo taswira hata moja iliyo hai. Mlikuwamo bahari ya wakimbizi, giza la ujinga, pingu za umaskini, mto wa machozi na volkano ya hasira. Na waamuzi, watu wenye elimu ambao nia yao siitilii shaka, wakalisifu kwa kuwa, kwa kauli yao, limejaa picha tele. Siku hiyohiyo binti mmoja wa sekondari alisoma shairi huru la mishororo michache, ambamo mtu amesimama juu ya kilima asubuhi, anatazama njia ya chini, naye haoni watu ila magodoro, magodoro yanapanda mlima moja nyuma ya jingine, yanatafuta mahali pa kulala. Akashukuriwa, akaketi. Hakuna aliyemtaja tena. Siandiki haya kwa kumdhili kijana aliyeshinda, maana yeye alitoa alichofundishwa; naandika kwa kuwa wanaofundisha na wanaohukumu wamekosa kipimo, na pasipo kipimo tuzo humwendea mwenye sauti kubwa.

Upungufu huu una asili yake. Tangu Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hasa baada ya Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe kuleta mashairi huru ya Kichomi mwaka 1974, na washairi Mulokozi na Kahigi kufuata na diwani ya Malenga wa Bara mwaka 1976, wataalamu wetu walishindana miaka na miaka juu ya vina na mizani, huyu akisema kwamba utungo usio na urari si shairi, yule akisema kwamba urari ni nguo tu ya shairi. Ugomvi ulikuwa wa haki, na pande zote mbili zilikuwa na watu wa fasaha, lakini ulikula wakati wote, hata swali la taswira likaachwa kana kwamba kila mtu analijua jawabu lake. Nalo ndilo swali kubwa kuliko yote kwa shairi la kisasa. Katika tarbia iliyopangwa vyema, taswira iliyochoka yaweza kubebwa na kina cha kati, na msikilizaji, akiufurahia mlio, asiuone uchovu wake. Katika shairi huru hakuna cha kuisitiri. Mshairi aliyeacha arudhi amejivua kinga kwa hiari yake, na mzigo wote uliobebwa na vina, mizani na kituo umeiangukia taswira peke yake. Haifai basi kuihukumu kwa ulegevu.

Anayetaka kuanza kuipima taswira na aitazame a-unganifu. Hiyo ndiyo gundi ya wavivu. Nomino ya kuonekana hubandikwa juu ya nomino ya kufikirika, bahari juu ya huzuni, moto juu ya mapenzi, giza juu ya ujinga, na mtunzi huondoka akidhani amechora kitu. Jaribio lake ni jepesi: iondoe nomino ya kwanza, weka nyingine. Bahari ya wakimbizi ifanye msitu wa wakimbizi, au mvua ya wakimbizi, au mchanga wa wakimbizi, kisha usome tena. Shairi likiendelea kusimama bila kutikisika, jua kwamba bahari ile haikuwa na kazi hapo. Tena wapi bahari na wapi Masisi? Mtoto aliyezaliwa Burungu, ambaye maji makubwa aliyoyaona ni maziwa ya Mokoto, na Kivu siku ya kushuka Goma, analazimishwaje kuazima bahari ili aeleze wingi wa watu, naye amewaona kwa macho yake wakipita mlangoni kwao mchana na usiku?

Lakini hayo ni mlango tu. Jambo ambalo asiye fundi halioni kamwe, na ambalo fundi hulitazama kabla ya jingine lolote, ni kitenzi. Mnunuzi wa ng'ombe asiyejua kazi huzitazama pembe. Ajuaye hufunua mdomo akayatazama meno. Nomino ndizo pembe za shairi: ndizo zinazoonekana kwa mbali, ndizo msomaji jukwaani anazozikazia sauti, ndizo waamuzi wanazoziandika pembeni mwa karatasi zao. Umri wa taswira, afya yake na uwezo wake wa kwenda safari ndefu umo katika kitenzi.

Yarudieni magodoro ya binti yule. Hakuyafananisha na kitu chochote. Hakusema magodoro kama nini, wala magodoro ya nini. Aliyapa kitenzi ambacho ni cha mtu aliye chini yake, mtu ambaye kwa mbali haonekani kwa kuwa mzigo umemfunika kichwa na mabega, na kwa kufanya hivyo akamfuta mkimbizi na kuihamishia haja yake kwenye mzigo wake. Kutafuta mahali pa kulala! Godoro, kitu ambacho kazi yake yote hapa duniani ni kulaliwa, limekosa pa kulala. Huzuni haikutajwa, vita haikutajwa, hakuna damu wala machozi, na bado mtu aliyewahi kusimama juu ya njia ya kwenda Sake siku ya kukimbia hataweza kulisoma shairi hilo bila kunyamaza. Hiyo ndiyo taswira, na haikuwa na thamani machoni pa waamuzi kwa sababu hawakuona ndani yake neno la kupiga mstari.

Natoa na mfano wa pili, maana jambo hili lastahili nafasi. Mzee mmoja mchungaji wa Burungu, asiyejua kusoma, alisimama nami malishoni asubuhi ya ukungu mzito, ule ukungu wetu unaokaa juu ya majani mpaka jua lipande, na ng'ombe walikuwa wakitoka katika weupe ule mmoja mmoja, kwanza pembe, kisha uso, kisha mwili. Akasema bila kunigeukia, "Mwalimu, ukungu unatuhesabia ng'ombe." Basi. Ukiondoa jina aliloniitia, maneno ni matatu, na katika maneno hayo matatu pana elimu yote ya taswira ya kisasa. Tazama kwanza kwamba kitenzi ni cha kweli kwa macho: ukungu mzito hauwatoi ng'ombe kwa pamoja, huwatoa kama atoavyo mtu aliyesimama mlangoni pa zizi akitaja idadi. Tazama pili kile kiambishi kidogo cha katikati na mnyambuliko wa mwisho. Lau angesema ukungu unahesabu ng'ombe, ingekuwa tashihisi nzuri, nasi tungepita. Yeye alisema unatuhesabia. Kauli ya kutendea ina nyuso mbili katika lugha yetu, kwa kuwa mtu hunipikia chakula nikamshukuru, na mtu hunilia chakula nikalala njaa. Na katika Masisi, ambako makundi mazima ya ng'ombe yalinyang'anywa vitani, anayekuhesabia ng'ombe asubuhi aweza kuwa mtumishi wako na aweza kuwa mporaji anayejua idadi ya atakachochukua kesho. Mzee hakuchagua upande. Aliuacha ukungu usimame pale na nyuso zake zote mbili, faida na hasara, na silabi chache za mwisho wa kitenzi zikazibeba. Mtunzi wa mashindano angeandika pazia la ukungu, na wote tungepiga makofi.

Wasidhani watu kwamba elimu hii imetoka Ulaya na shairi huru. Imo msituni mwetu tangu zamani. Mwaka 1956 Candi Rureke, mtambaji wa Kinyanga, alimtambia mtafiti Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza, nao ukachapishwa mwaka 1969 kwa kazi ya Biebuyck na mtaalamu wa lugha Kahombo Mateene, mwenyewe Mnyanga. Humo mna mtemi Shemwindo wa Tubondo, ambaye hakutaka wana wa kiume, naye aliposhindwa kumuua mwanawe kwa silaha akaamuru atiwe ndani ya ngoma, ngoma ifungwe, itupwe majini. Wanaousifu utendi huu huisifu ngoma, kwa sababu ngoma ni nomino na ni ya Kiafrika na yapendeza kwenye jalada la kitabu. Fundi huuliza ngoma ilifanya nini. Ngoma ilipanda mto. Haikuzama wala haikuchukuliwa na maji kama kila kitu kitupwacho majini kinavyochukuliwa. Ilielekea juu, kwenye chemchemi, kwa Iyangura, shangazi wa mtoto, na mtoto mwenyewe ndani yake akiimba. Mtu yeyote aliyekulia kando ya Lowa ajua maji yanakwenda upande gani na yana nguvu gani wakati wa mvua, na kwa hiyo ajua, bila kuambiwa, kwamba mtoto huyo hatashindwa na baba yake. Kitenzi kimoja kimemaliza hukumu ya utendi mzima kabla vita vyake havijaanza.

Pwani nako waliijua siri hii. Mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotaka kuulilia mji wa Pate hakuongeza sifa juu ya sifa. Aliingia ndani ya nyumba, akaonyesha shubaka la ukutani lililopambwa kwa vyombo vya sini ambalo sasa ndege wamefanya makao, akatusikilizisha mlio wa wadudu mahali pa sauti za wenyeji. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa toka mwaka 1969 hata 1972 kwa karatasi yake iliyoiuliza Kenya inakwenda wapi, aliyaandika mashairi ya Sauti ya Dhiki kwa siri juu ya karatasi za chooni, na diwani ikatoka mwaka 1973; humo limo shairi la jipu, na uzuri wake ni kwamba jipu lile ni jipu kwanza, lauma kama majipu yaumavyo, hata mgonjwa aweza kulisoma asione siasa na bado akapata haki yake. Naye Kezilahabi, ambaye wapinzani wake walimwona mharibifu wa mila, katika shairi lake Kisu Mkononi alishika kitu kimoja akakaa nacho. Hakukimbilia kitu cha pili. Mtu mwenye kisu mkononi hana wasaa wa kutazama maua, na shairi lililotungwa kwa dhati halimpi wasaa huo.

Hapo tunakuta kipimo cha pili, nacho ni ukweli wa kitu chenyewe. Taswira haina ruhusa ya kusema uongo juu ya upande wake wa dhahiri kwa kisingizio kwamba maana yake ni ya batini. Ichukueni ile volkano ya hasira iliyolipuka katika shairi la mshindi. Mshairi Aimé Césaire, ambaye vijana wetu humsoma shuleni kwa Kifaransa, alizaliwa mwaka 1913 Basse-Pointe katika kisiwa cha Martinique, karibu na mlima Pelée uliouteketeza mji wa Saint-Pierre mwaka 1902 kwa mlipuko wa dakika chache. Volkano iliyomo katika maandishi yake ni jirani yake, na mlipuko ni tabia ya jirani huyo. Lakini sisi tuna Nyiragongo. Na Nyiragongo, mwaka 1977, na mwaka 2002, na tena mwaka 2021, haikurusha kilele chake angani: ilipasuka ubavuni, na uji wa moto, mwepesi kuliko wa milima mingi ya dunia, ukatoka katika nyufa ukashuka mbio kuelekea watu. Hasira ya mlima wetu huvujia ubavuni ilhali juu pametulia. Ni taswira ya ajabu kwa taifa lililokaa kimya muda mrefu, nayo inamngoja mtunzi. Ila mtunzi wetu, aliyekua akiuona wekundu wa mlima huo usiku, aliazima volkano ya Martinique. Na baada ya moto, watu wa Goma walilivunja jiwe lile jeusi wakajengea kuta za nyumba zao. Nani amelitungia shairi jambo hilo kwa namna inayolistahili? Mimi sijamwona.

Wadanganyifu nao wapo, na yafaa wajulikane kwa alama zao. Nimemjua mtunzi mmoja, sasa ana jina mjini, aliyekuwa na daftari ambamo alinakili picha kutoka vitabu vya Kifaransa, akazipanga kwa maudhui, za mapenzi huku, za vita huku, za mauti huku, na alipoalikwa popote alifungua ukurasa unaofaa akamaliza shairi usiku mmoja. Ndiyo sababu katika tungo zake theluji huanguka juu ya makaburi ya Walikale, nchi ya msitu wa mvua ambako nguo za mtu huota kuvu kabla mwenyewe hajahisi baridi. Mwingine ni yule wa giza, ambaye hutupa vitu visivyojuana katika mshororo mmoja, saa, tumbili, kioo na chumvi, na akiulizwa hujibu kwamba shairi la kisasa halielezwi. Huyo usibishane naye juu ya maana. Mwombe aondoe mshororo mmoja wowote. Akiuondoa bila uchungu, na mwingine, na mwingine, amekwisha kukupa jawabu, kwa kuwa taswira za kweli zimeshikana mikono kwa chini, na ukiivuta moja zote hupiga kelele.

Kukata ndiko kunakomtambulisha bingwa. Ezra Pound, mshairi Mmarekani aliyekuwa akikaa London, aliziona nyuso za watu katika stesheni ya reli ya chini ya ardhi mjini Paris, akaandika shairi la mishororo 30 akaliharibu, baada ya nusu mwaka akaandika la nusu ya urefu huo, na baadaye ndipo akapata mishororo miwili, iliyochapishwa mwaka 1913 na ambayo mpaka leo hutajwa kuwa mlango wa ushairi wa kisasa wa Kiingereza. Wapo wanaonikabili kwa hoja kwamba mishororo hiyo haina kitenzi hata kimoja. Ni kweli, na Kiingereza chake kiliweza. Kiswahili, ambacho kitenzi chake hubeba mtenda, wakati, mtendewa na namna ya kutendewa katika neno moja, hupoteza nusu ya nguvu zake kikikiacha, na mtunzi wetu anayetunga kwa nomino tupu amefunga mkono wake wa kulia.

Kuna na mambo mengine ambayo nayashika bila kubishana. Ubeti mmoja hautoshi kwa istiari mbili. Tashibihi yenye kama iruhusiwe mara moja tu katika shairi fupi, na isije mwanzoni. Shairi lisianze na moyo. Rangi isitajwe ila pale ambapo bila hiyo kitu hakitambulikani, kwani damu kila mtu aijua ni nyekundu. Mwezi uachwe upumzike, walau kwa kizazi kimoja. Na taswira ya mwisho isiwe kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu mtunzi anayepaza sauti mlangoni pa kutokea ameona kwamba hakusikilizwa alipoingia.

Hayo yote hayakuhitaji kuandikwa siku za zamani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea mashairi ya wasomaji na majibu yao, na mtunzi aliyeteleza alisahihishwa kwa shairi la mtu mwingine mbele ya umma wote, akajua. Na hapa kwetu, kabla ya vita iliyoanzia Ntoto mwezi Machi mwaka 1993, jioni mitaani palikuwa na wazee waliosikiliza kwa masikio makali kuliko mwamuzi yeyote wa leo. Kijana akitamba hadithi akakosea namna mnyama anavyokwenda, mzee alimkatiza: chui hapiti hivyo, anza tena. Naye alianza tena. Hakupewa cheti, lakini hakusahau namna chui anavyopita. Sasa wazee wametawanywa, ukumbi una vipaza sauti, mtunzi husikilizwa mara moja tu, katika kelele, na katika kelele nomino peke yake ndizo zisikikazo.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandaa mashindano ya ushairi, Goma na Kitchanga na kwingineko, wafanye jambo moja lisilo na gharama: mashairi yatolewe kwa waamuzi katika karatasi, siku kadhaa kabla ya ukumbi, bila majina ya watunzi, na kila mwamuzi apige mstari chini ya vitenzi tu, kisha avisome vitenzi hivyo peke yake kuanzia juu mpaka chini. Shairi ambalo vitenzi vyake ni kuwa, kuwa na, kulia na kuanguka lirudishwe kwa mwenyewe kwa heshima. Nanyi walimu, mkipata nakala ya Kichomi au ya Sauti ya Dhiki, msiifungie kabatini. Mpeni mwanafunzi aende nayo nyumbani.